Nilimshauri Asome Ualimu

Mama mmoja alinisimamisha sokoni Bugarama, mimi nina mfuko wa sambaza mkononi na haraka ya kupanda mlima kabla ya mvua. Ni mama ninayemheshimu sana. Tulisalimiana kama inavyopaswa, habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya kazi. Halafu akanishika mkono, akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha kule Kivu:

"Mwanangu, niko nakuuliza kitu, lakini si kwa kasirani. Ni weye ulimwambia mutoto yangu asome ualimu?"

Nikasema, "Ndiyo mama, ni mimi."

"Basi uniambie sasa, ile diploma tuifanye nini? Iko mu valizi, mwaka wa pili huu. Kila siku nikifungua valizi kutafuta kitenge, naikuta, iko inaniangalia."

Hakupandisha sauti. Alininunulia hata ndizi mbili za kula njiani, akaniaga vizuri. Nadhani ningepona haraka zaidi kama angenitukana. Nilipanda hadi Rwimbogo na hizo ndizi, sikuzila, na tangu siku ile swali lake sijalimaliza. Naliandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma jarida hili mnalijua. Mna diploma kwenye sanduku, au mna mtoto mwenye diploma kwenye sanduku, au ni nyie mliokaa ofisini mkasaini karatasi za kumpeleka huyo mtoto shule.

Nijieleze kidogo. Nilizaliwa Kiziba, ile kambi iliyofunguliwa 1996 juu ya kilima huko Karongi, ambapo ziwa Kivu unaliona chini lakini maji ya kupikia unayapangia foleni. Nimesoma mpaka kumaliza sekondari, basi. Chuo sikufika. Sasa niko Rwimbogo, wilaya ya Rusizi, kwa mama mdogo, na kazi yangu ni vijana: kuwakusanya, kucheza nao, kuwasaidia kujaza fomu, kuwasikiliza. Wengine ni wenyeji wa hapa, wengine ni wakimbizi wanaoishi nje ya kambi, wengine wamevuka juzi tu kutoka ng'ambo ya mto. Watu husema kazi yangu ni ya michezo. Kweli mpira upo. Lakini nusu yake ni ushauri, na ushauri unaweza kumwumiza mtu miaka minne baadaye, wakati wewe umeshasahau ulisema nini.

Mimi sikusahau. Yule kijana alikuja na fomu mbili. Moja ilikuwa ya chuo kikuu, hesabu na fizikia pamoja na elimu, yaani atoke mwalimu wa sekondari mwenye A0. Karo ilikuwa na mfadhili, lakini sehemu ya matumizi, nauli, simu, nguo, ilibaki kwa familia. Ya pili ilikuwa mafunzo mafupi ya ufundi wa pikipiki huko Kamembe. Akili ya hesabu alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Alikuwa anawafundisha wenzake chini ya mwembe bila mtu kumtuma. Nikamwambia: "Soma ualimu. Walimu wanahitajika kila mahali. Shule hazitafungwa." Mama yake akauza mbuzi. Kwanza wawili, halafu mmoja, halafu yule wa mwisho.

Nikizipima sasa zile sentensi zangu, sioni uongo hata mmoja. Walimu wanahitajika? Ndiyo. Shule zimefungwa? Hapana. Na bado nilimdanganya. Hapo ndipo swali la mama linaponipeleka: mtu anawezaje kudanganya kwa kusema kweli?

Nadhani jibu liko ndani ya neno lenyewe nililotumia. Kuhitajika si kuajiriwa. Mtu mwenye kiu anahitaji maji, lakini muuza maji hauzi kwa kiu ya mtu, anauza kwa pesa iliyo mfukoni mwake. Watoto wanahitaji mwalimu kwa kiu. Mwalimu anaajiriwa kwa bajeti. Nafasi ya mwalimu haichipui sokoni kama nyanya ukinyesha mvua. Kuna mtu mahali fulani lazima aandike namba kwenye karatasi. Mwaka 2020 hapa Rwanda waliiandika: madarasa mapya zaidi ya 22,000 yalijengwa nchi nzima, na walimu kwa maelfu wakachukuliwa. Waliomaliza mwaka ule walionekana wana bahati na akili. Waliomaliza baadaye, wenye diploma ile ile na alama zile zile, wamekuta foleni. Mwanafunzi hakubadilika, chuo hakikubadilika. Kilichobadilika ni ile karatasi.

Na si hapa tu. Tanzania, nchi ambayo rais wake wa kwanza mpaka leo anaitwa Mwalimu kuliko anavyoitwa rais, iliwahi kukosa walimu kabisa. Ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, ilibidi kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba tu, kuwafundisha kazi huku wanafanya kazi, na kuwapeleka darasani. Fikiria: darasa la saba! Leo nchi hiyo hiyo ina wenye digrii za elimu wengi kiasi kwamba mwanzoni mwa 2025 waliunda umoja wao, NETO, wa walimu wasio na ajira. Huko Kenya, 2024, walimu wa sekondari ya chini waliochukuliwa kama wanagenzi waligoma. Walikuwa na digrii, walikuwa na darasa, walikuwa na ratiba, walikuwa na watoto waliowaita mwalimu, na mwisho wa mwezi walibaki na shilingi kama 17,000. Hao kazi walikuwa nayo. Mshahara ndio ulikuwa haujafika ulipo ubao.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama nilijua, nilijua. Labda si hizo habari zote, lakini nilijua za karibu. Nilikuwa nimeshaona wakubwa wangu Kiziba wakirudi na majoho, wanapigwa picha, halafu baada ya miezi unawakuta wamekaa kwenye ukuta ule ule tuliokuwa tunakaa wote. Nilijua kwamba kitambulisho changu na cha jirani yangu Mnyarwanda si sawa mbele ya kila dirisha, hata kama sheria inaniruhusu kufanya kazi. Nilijua, na nikachagua sentensi nzuri. Anayekuuzia ng'ombe asiyetoa maziwa hahitaji kukuambia "anatoa maziwa." Anakusifia pembe tu.

Nimejaribu kujitetea. Nitawaeleza utetezi wangu kwa sababu nadhani ni wa wengi.

Wa kwanza ni huu: elimu haiozi. Hata kama hakupata kazi, alichosoma hakuna wa kumnyang'anya. Vita vinachukua shamba, vinachukua nyumba, kichwa unavuka nacho. Sisi wakimbizi tunausema sana huo, na nauamini. Wazazi wangu walivuka na sufuria mbili na kichwa cha baba. Siku nyingine nilimwambia hivyo yule mama, nyumbani kwake, nikifikiri namfariji. Akanijibu: "Elimu haiozi, mwanangu, ni kweli. Mutu ndiye anaoza akiingojea."

Sikuwa na la kuongeza.

Na hata hilo la kichwa, nimeanza kuliangalia kwa makini. Kuna mzee jirani yetu, mwenyeji, mwalimu mstaafu. Alifundisha kwa Kifaransa miaka mingi. Mwaka 2008 serikali ikaamua kwamba masomo yatakuwa kwa Kiingereza. Mzee anasema alilala mwalimu, akaamka mwanafunzi. Alichokijua hakikupungua hata kidogo usiku ule, hesabu za kugawanya zilikuwa zile zile, ila thamani yake mbele ya wengine ilishuka kama bei ya mchele siku ya mavuno. Alijifunza, akaendelea, akastaafu kwa heshima. Sasa wamefika hapa Wakongomani wenye D6 ya pedagojia, wengine na lisansi ya ISP, walimu wa kweli wa miaka kumi na tano, na hadithi ni hiyo hiyo mara mbili: lugha nyingine, na diploma inayosubiri kutambuliwa. Mmoja wao analima mpunga wa watu kule bondeni. Akipumzika anasahihisha Kifaransa cha wenzake, kwa mazoea tu. Kichwa kimevuka naye, lakini soko la kichwa limebaki ng'ambo.

Utetezi wa pili ndio unaonikera zaidi: ualimu ni wito. Nitaueleza kwa habari ya baba yangu, aniwie radhi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kalehe kabla ya vita. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1990, Zaire, wakati mshahara wa serikali ulikuwa kama habari ya kusikia. Wazazi ndio waliolipa walimu, kila mtoto na sehemu yake. Ndiyo ile iliyoitwa prime, na iliendelea miaka na miaka. Katiba ya Kongo ya 2006 ilisema shule ya msingi ni bure, na hata hivyo ilibidi kungoja mpaka 2019 ndipo ubure huo ukatangazwa kuanza kweli. Baba anasema Jumatatu asubuhi alipewa orodha. Kazi yake ilikuwa kuisoma kwa sauti mbele ya darasa: wasiolipa watoke. Anakumbuka kumtoa mtoto wa jirani, mtoto mwerevu kuliko wote, aliyekuwa amekaa dawati la mbele. Jioni baba akala ugali. Yule mtoto akiwa nje, ndio prime ilivyoingia, ndio ugali ulivyopatikana. "Nilikula kutoka kwa mtoto niliyemfukuza," ananiambia, na hacheki.

Sasa huyo umwambie ualimu ni wito. Alipofika kambini alifundisha tena, miaka, kwa pesa ndogo ambayo haikuitwa mshahara, iliitwa motisha. Kila aliposema haitoshi, aliambiwa na waliokuwa wanamlipa kwamba anafanya kazi ya moyo. Nimegundua neno wito halisemwi kwa daktari anayedai malipo yake, wala kwa dereva wa gari la shirika. Linasemwa kwa mwalimu, na mara nyingi linasemwa na mtu ambaye mshahara wake umeingia. Sikatai kwamba wito upo. Baba yangu anao, na yule kijana anao. Lakini wito ni wa mwenyewe kuusema. Ukisemewa na mwingine, unakuwa punguzo la bei.

(Niongeze hili, kwa haki: Agosti 2022 serikali ya Rwanda iliongeza mshahara wa walimu wa msingi kwa asilimia 88, na wenye A1 na A0 kwa asilimia 40. Baba aliposikia redioni alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe inawezekana." Neno hilo moja lilinifundisha kuliko semina nyingi.)

Utetezi wa tatu si wangu, ni wa mwenzangu kazini, na ndio ninaouogopa kwa sababu una nguvu. Alisema: "Dada, ukianza kuwaambia vijana ukweli wote, nani atasoma? Wazazi watapata sababu ya kuwatoa. Na wa kwanza kutolewa ni wasichana." Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho. Baba mdogo mmoja aliniambia kabisa, mbele ya binti mwenyewe: "Walimu wenye digrii wanabeba magunia, sasa huyu asome ili iweje? Kuna mtu amekuja kuuliza habari zake." Binti ana miaka kumi na saba. Ukweli ule ule ambao ningempa yule kijana kama silaha ya kujikinga, kwa binti huyu ulikuwa umeshachukuliwa na kuelekezwa kwake.

Basi nifiche? Kama kweli inaumiza, nisiitoe? Nilikaa na hilo wiki nzima. Siku ya umuganda tukiwa tunasafisha mfereji wa barabara, nilijikuta nalima pamoja na yule kijana wa valizi, mkono kwa mkono. Nikaona bora nimwulize mwenyewe kuliko kuendelea kumwulizia moyoni mwangu.

Maisha yake sasa ni hivi. Msimu wa mavuno anabeba mpunga bondeni Bugarama. Kukiwa hakuna mavuno anakaa na mwavuli wa njano, anauza salio na kutoa pesa za simu. Jioni anafanya kochingi kwa watoto wa mtaani, hesabu, kumi na wanne walipokuwa wengi. Wazazi wachache wanalipa, wengine wanaleta maharage, wengine hawaleti kitu na watoto wao bado wamekaa mstari wa mbele. Rafiki yake aliyechukua ile fomu ya ufundi ana pikipiki na ameoa. Mama anamwona rafiki huyo akipita kila siku, na rafiki ana adabu, anapiga honi kumsalimu. Ile honi!

Nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Nilikushauri vibaya."

Akaacha jembe. "Unanisamehesha nini? Ungeniambia kazi haipo, ningesoma tu. Mimi ningeenda wapi na hizi hesabu?"

"Sasa mbona..."

"Lakini ningejua kumwandaa mama. Mbuzi wa mwisho asingeuzwa. Nilimwambia nikimaliza nitamnunulia ng'ombe. Nilimwambia kwa sababu wewe uliniambia, na wewe ulikuwa unajua."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nilikuwa nimefikiri kosa langu ni kwamba nilimpeleka njia mbaya. Yeye njia haikatai. Anachokataa ni kwamba hatari ilikuwa ya familia yake, na mimi ndiye niliyeishika habari ya hatari hiyo, nikaamua peke yangu kwamba hawaihitaji. Mama aliweka mbuzi kwenye bahati nasibu akidhani anaweka benki. Kama angejua ni bahati nasibu, pengine angeweka wawili akabakiza wawili. Hiyo ndiyo haki niliyomnyima, na hiyo si ya mtoto wake peke yake. Kwetu diploma haisomwi na mtu mmoja. Inasomwa na mbuzi, na dada aliyebaki nyumbani kuteka maji, na mjomba aliyekopesha nauli. Nikimshauri mmoja, nimewashauri wote hao, na mimi nilizungumza na mmoja tu.

Na kuna jambo jingine ambalo nililiona kwenye kochingi yake, nilipokwenda siku moja jioni bila kumwambia. Alikuwa na kipande cha ubao uliovunjika na chaki fupi. Mtoto mmoja alikosea kutoa sehemu. Kijana hakumwambia amekosea. Alimchorea chapati, akamwuliza nani amekula ngapi, mpaka mtoto akacheka na kujisahihisha. Hilo hulijui kwa sababu unajua hesabu. Nimeona wanaojua hesabu wakiwapiga watoto kwa sehemu hiyo hiyo. Ni kitu alichofundishwa, miaka mitatu minne, namna ya kuliona kosa la mtoto kutoka ndani ya kichwa cha mtoto. Kwa hiyo nikiulizwa kama digrii ile imepotea, siwezi kusema imepotea. Niliiona inafanya kazi, saa kumi na mbili jioni, bila mshahara, huku giza linaingia. Lakini siwezi pia kulichukua hilo nikampelekea mama kama malipo ya mbuzi wanne. Watoto kumi na wanne wamepata. Yeye ndiye aliyelipa. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na nimechoka kusikia watu wakizijumlisha.

Hapa niseme na ndugu zetu wa mashirika, na msikasirike, kwa sababu mimi mwenyewe nalipwa na moja ya hizo hesabu. Fomu zetu zina safu ya walioanza na safu ya waliohitimu. Nimezijaza nyingi. Sijawahi kujaza yenye safu ya "miaka mitatu baadaye anafanya nini." Naelewa kwa nini: mradi unaisha kabla ya hiyo miaka mitatu. Najua pia malengo ni mema. DAFI imewasomesha wakimbizi tangu 1992. Mwaka 2015 Kepler ilipoleta masomo ya chuo ndani ya Kiziba yenyewe, tulishangilia kama tumefunga bao, nami nilikuwa mtoto wa shule na nilitembea nikijiona mrefu. Sasa lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 wakimbizi asilimia 15 wawe wamefika elimu ya juu. Lengo zuri. Lakini ni lengo la mlango wa kuingilia. Mtu akinipigia picha nimesimama mlangoni na joho, halafu akaenda na picha, amehesabu nini? Na zile picha ndizo tunazobandika ukutani kwenye chumba cha vijana, ndizo ninazowaonyesha wanaokuja na fomu mbili.

Nilizibandua? Hapana. Nilifikiria, kisha nikaona hao watu ni wa kweli na furaha yao ilikuwa ya kweli. Nilichofanya ni kuwapigia simu niliowajua, sita, nikawauliza mnafanya nini sasa, na mnaruhusu niandike? Wanne walikubali. Nikaandika chini ya kila picha kwa kalamu: anafundisha shule binafsi Kigali, anauza nguo, anatafsiri kwenye shirika, yuko nyumbani na watoto na anafundisha Jumapili kanisani. Mkuu wangu hakufurahia sana hiyo ya nguo. Ilibaki.

Nirudi kwa yule binti wa miaka kumi na saba. Alikuja mwezi uliopita na fomu ya kusomea ualimu, TTC, na barua ya kupendekezwa ambayo lazima mimi niandike. Nilikuwa nimeshajiahidi kusema kweli, na nilikuwa nimeshaona kweli inavyotumika mdomoni mwa baba yake mdogo. Nikaona siwezi kumwambia yeye peke yake halafu nimwachie mzigo wa kuibeba mpaka nyumbani. Wala siwezi kuisema mbele ya wazee kama hukumu. Nikaenda kwao Jumapili baada ya ibada. Tulikaa: mama yake, baba mdogo, bibi, yeye mwenyewe kwenye mkeka karibu na mlango.

Nikawaeleza. Kwamba anaweza kumaliza na asipate kazi mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, na nawajua waliofikia hapo, nikawataja wanaowajua. Kwamba wapo waliopata, nikawataja pia. Kwamba nafasi zinafunguka na kufungwa na si kosa la msichana zikifungwa. Kwamba asipouze mtu shamba wala mnyama kwa ajili ya hii karatasi, kwa sababu karatasi hii haina dhamana. Na nikamgeukia baba mdogo, kwa heshima, nikamwambia: "Baba, na yule aliyekuja kuuliza habari zake, yeye ana dhamana gani? Naye tumpime kwa mzani huu huu, miaka mitatu baadaye atakuwa wapi?" Bibi alicheka mpaka akakohoa. Baba mdogo hakucheka, lakini hakujibu.

Binti ndiye aliyeuliza swali nililokuwa naliogopa. "Dada, wewe ungekuwa mimi ungesoma?"

Ningeweza kusema ndiyo haraka haraka. Mimi sikufika chuo, kila nikiona joho roho yangu inaruka, na sijui kama ni ushauri au ni wivu unaosema. Nikamwambia hivyo hivyo: kwamba ningesoma, lakini asiniamini sana kwenye hilo, kwa sababu ninalitaka mno.

Mama yake alikuwa kimya muda wote, anachambua maharage. Akauliza tu nauli ya kwenda na kurudi likizo ni kiasi gani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akayarudisha maharage mabaya kwenye ungo, akaanza tena.

Alhamisi binti alileta fomu imejazwa. Kwenye sehemu ya mzazi, chini ya sahihi, kulikuwa na mstari ambao fomu haikuuomba, mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara: *Mbuzi haiuzwi.* Nikaandika barua ya kupendekeza, nikaiambatisha yote kama ilivyo.

Ile ya valizi bado. Kuna mtihani wa kuajiri walimu ambao kijana ameomba kuufanya, na mama ameniuliza kama nadhani atapita. Nikamwambia, mama, kupita atapita. Kuchukuliwa sijui.

"Eh," akasema. "Sasa umeanza kusema na mimi."